Nina miaka 37, nauza viazi Uyole. Nianze uuguzi au nimechelewa?

MamaWatatu_Uyole

Mwagonile wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu, maana jambo hili nimelibeba tangu Februari na nyumbani tumelizungumza hadi watu wamelichoka.

Nina miaka 37, watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha pili. Kazi yangu ni viazi. Nakusanya kwa wakulima hapa Uyole, Mbeya, na kule Umalila, napakia kwenye fuso za Dar. Kuna miezi inalipa vizuri na kuna miezi inakula mtaji. Sijaja kulalamikia viazi, vimenisomeshea watoto.

Mwaka juzi mama yangu mzazi alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukalala. Wiki tatu tulikuwa hospitali, kisha nikamuuguza nyumbani miezi kumi na moja hadi alipotutoka. Usiku wa tatu wodini, nesi wa zamu alinikuta nimesinzia juu ya ndoo niliyoigeuza kuwa kiti. Hakunigombeza. Alimlaza mama ubavu, akanishika mkono na kuuweka kwenye kisigino cha mama. "Gusa hapa. Sasa gusa pembeni." Kisigino kilikuwa cha moto, na kigumu kuliko pembeni. Akaniambia kwamba kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani upesi, ukingoja macho yakwambie, kidonda kimeshaanza. Akanionyesha kuweka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse godoro, na kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili. Alikunja kwanza goti la mama, akashika goti na bega, mama akageuka kama hana uzito.

Miezi kumi na moja tulimgeuza hivyo, mimi na binti yangu mkubwa kwa zamu, usiku na mchana. Siku ya msiba, wakati wa kumwosha, shangazi aliupitisha mkono mgongoni kwake mara mbili, akasema hauna hata mchubuko.

Tangu hapo majirani wananiita wakiwa na mgonjwa wa kitandani. Na mimi nimeanza kutamani kusomea kabisa.

Vikwazo vyangu ni hivi. Kidato cha nne nilimaliza 2006: Biolojia C, Kemia D, Kiswahili B, Jiografia C, Fizikia F na Hesabu F. Akiba niliyonayo haifiki ada ya miaka miwili. Mume wangu hakatai na wala hakubali, anauliza tu, "Ukimaliza una miaka 41, nani atakuajiri?" Sina jibu la kumpa. Naomba ushauri, hasa kwa mliopo kwenye kazi hii.

Fundi_Mwanjelwa

Pole sana kwa kumpoteza mama. Dada, mimi si mtu wa afya, nasema ninachokiona. Mtaani kwangu kuna vijana wawili wamemaliza uuguzi, leseni wanazo, na bado wanasubiri ajira. Mmoja anaendesha bajaji. Soma kama moyo umekutuma, ila mtaji wa viazi usiuguse.

Karani_Iringa

Kamwene dada. Mimi nimefanya kazi masijala na utumishi miaka mingi, nikupe jibu la kumpelekea mumeo, maana swali lake ni la haki.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachotangaza kazi za serikali, huwa na sharti linalojirudia: mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliyeko tayari kwenye utumishi wa umma. Sasa tupige hesabu. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Ukirudia Fizikia mwaka huu, mwakani unaingia chuo ukiwa na 38. Stashahada ya Uuguzi na Ukunga ni miaka mitatu, unatoka na 41. Kisha kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga na usajili, bila hivyo huruhusiwi kumgusa mgonjwa kama muuguzi. Tuseme 42. Unabaki na miaka mitatu hivi ya kuomba serikalini kabla mlango haujafungwa.

Na pensheni pia uiangalie. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na ili ulipwe pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangia miezi 180, yaani miaka 15. Toa 15 kwenye 60, unapata 45 ile ile. Kwa hiyo ukiajiriwa na 43 bado unaifikia, lakini huna mwaka wa kuchezea. Ukiahirisha hadi mtoto wa mwisho amalize la saba, sahau serikali, uhesabu hospitali za misheni na za binafsi tu.

Sikukatishi tamaa. Nataka uamue ukiwa na kalenda mkononi.

Nesi_Kilolo

Dada yangu, nimesoma ulichoandika mara mbili. Mimi niliingia chuo cha uuguzi nikiwa na miaka 34, nikitokea kwenye kushona nguo. Sasa ni mwaka wa tisa kazini, hospitali ya misheni huku Kilolo.

Nianze na hiyo Fizikia. Sifa ya kuingia stashahada ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na lazima ndani yake ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza vinakuongezea nafasi tu. Kwa hiyo kinachokuzuia ni somo moja. Rudia mtihani, yaani kurisiti, kama mtahiniwa wa kujitegemea, na utafute kituo cha jioni chenye maabara, usisome kwa madaftari ya kuazima peke yake. Mimi nilirisiti Kemia nikaunganisha vyeti viwili, nikapokelewa.

Hesabu isikutishe kwa sababu ya ile F. Hesabu ya wodini ni hii: daktari ameandika lita moja ya dripu kwa saa nane, na mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa mililita moja. Zidisha 1,000 kwa 20, unapata matone 20,000. Saa nane ni dakika 480. Gawanya, ni kama matone 42 kwa dakika. Unasimama na saa yako, unahesabu. Mtu anayepiga hesabu ya fuso ya viazi kichwani, na dalali anamsubiri, haishindwi hii.

Sasa kuna jambo ambalo hukuuliza. Kozi ni ya uuguzi na ukunga kwa pamoja. Wewe umevutwa na mgonjwa wa kitandani, mtu mzima, kwa utulivu. Chuoni utapelekwa leba. Utazalisha. Utakaa na mama ambaye uchungu umesimama saa tatu usiku na gari la rufaa halijafika, na mvua ya Kilolo unaijua. Siku ya kwanza kumkabidhi mama kichanga ambaye hakulia, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, na matroni wetu akaja akakaa pembeni yangu bila kusema kitu. Kisha tukarudi ndani, kulikuwa na wengine wanne.

Darasani utakuwa na watoto wa miaka 19. Watakuita mama. Wanashika upesi kuliko sisi, nilikuwa naamka saa tisa usiku kusoma nilichosoma jana. Ila wodini mambo hugeuka. Wao wanaogopa kumvua mzee nguo, wewe umeshamwogesha mama yako.

Swali langu kwako ni moja, na ulijibu kwa kweli. Ulimuuguza mama uliyempenda. Je, umewahi kumuuguza mtu ambaye si lolote kwako, anayekutukana, na asubuhi hana shukrani? Hao ndio wengi wa zamu ya usiku.

Tukuyu_Mwaka_wa_Pili

Shikamoo mama. Niko mwaka wa pili chuoni. Nina mwanafunzi mwenzangu wa miaka 40, na tukienda wodini sisi wadogo tunajipanga nyuma yake. Naomba nikuongezee moja: kamilisha chanjo ya homa ya ini B mapema. Ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza, usisubiri hadi uanze kushika sindano.

Mzazi_Mbozi

Kabla hujalipa hata shilingi, fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi, uone chuo kimo na kozi hiyo imo. Mdogo wangu alilipa ada ya mwaka mzima kwenye chuo fulani chenye jengo zuri na bango kubwa barabarani. Kozi haikuwa na ithibati. Mwaka umepotea, pesa haijarudi mpaka leo, na baba alikuwa ameuza ng'ombe wawili. Naandika hapa kwa uchungu, usiamini bango.

BabaNeema_Makambako

Naongea na mume kupitia kwako. Mke wangu alikwenda kusoma ukunga tukiwa na watoto wawili. Kozi hii si ya kusoma jioni baada ya kazi. Wapo darasani asubuhi, wodini mchana, na kuna wiki za vijijini ambapo hata simu haishiki. Mimi ndiye niliyesuka nywele za Neema miaka mitatu, vibaya mwanzoni, baadaye vizuri. Mwaka wa kwanza tuligombana sana, na tulikuwa tunagombania vitu vidogo, nani amenunua mkaa, nani hakuamka. Kaeni chini mwandike kila kazi ya nyumbani itashikwa na nani. Kama mume "hakatai wala hakubali," bado hamjazungumza. Akubali kwa mdomo wake, na aseme atafanya nini.

MamaWatatu_Uyole

Ahsanteni sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza niyafanyie kazi mliyoniambia.

Nesi wa Kilolo, swali lako limenikalisha siku nne. Kuna mzee jirani, alivunjika nyonga mwezi wa nne. Hatuna undugu, na tuna ugomvi wa mpaka wa shamba tangu enzi za baba. Binti yake aliniita. Mzee alinitukana kila nilipomgeuza, akasema nimekuja kumpima shamba. Nilikwenda siku kumi na sita. Sikumpenda, nakiri, na siku ya kumi na mbili nililia njiani. Lakini nilipofika nilianza na visigino.

Nesi_Kilolo

Siku kumi na sita, kwa mtu wa ugomvi wa shamba? Basi mimi sina swali lingine, mdogo wangu. Nenda kajisajili kabla dirisha la watahiniwa wa kujitegemea halijafungwa.

MamaWatatu_Uyole

Nimejisajili, Fizikia peke yake. Kwenye mwongozo nimeviwekea alama vyuo viwili, kimoja kipo karibu kiasi kwamba naweza kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Viazi vitabaki, mdogo wangu wa kiume atasimamia upakiaji na tutagawana. Mume wangu nilimsomea majibu ya Karani na ya Baba Neema. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaomba kalamu, akaandika saa 11 alfajiri, jina lake, na "uji wa watoto."

Jioni nasoma na binti yangu, wako kwenye mada ya wenzo na momenti, yaani jinsi nguvu inavyogeuza kitu. Jana alinichorea mhimili, nguvu na umbali, nikawa sielewi. Akaniambia nilale kitandani. Akajaribu kunigeuza nikiwa nimenyoosha miguu, akashindwa. Akanikunja goti, akashika goti na bega, nikageuka. Akarudi kwenye daftari, akaweka kidole kwenye ule mstari mrefu wa mchoro, akasema, "Mama, goti la bibi ndiyo hii hapa."

Nililichukua daftari nikaanza kukokotoa.