Mrejesho: wakili aliyemwacha shahidi wa kaka
Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama kaka, aliyefungwa na mahakama ya shirikisho Marekani, anaweza kukata rufaa kwa vile wakili wake hakumwita shahidi aliyekuwa naye usiku ule. Wakili mpya katueleza bila kuzunguka. Kesi ya Strickland ya 1984, ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuhusu wakili aliyemtetea mteja vibaya, inataka mawili: wakili alifanya kazi chini ya kiwango, na upo uwezekano wa maana kwamba bila kosa hilo matokeo yangekuwa tofauti. La pili ndilo hukwamisha wengi. Tena rufaa ya kawaida haitufai, kwani huangalia jalada la kesi tu, nalo halionyeshi shahidi angesema nini. Tunapeleka ombi la kifungu cha 2255, yaani kuiomba mahakama ileile iliyomhukumu iifute au iirekebishe hukumu. Muda ni mwaka mmoja tangu hukumu kuwa ya mwisho, nasi tumebakiza wiki sita! Shahidi kasaini hati ya kiapo jana, mkono ukimtetemeka.