Naomba ushauri: mng'ao wa pairini unashuka mapema

Ndugu wanakemia, naomba ushauri kuhusu kupima kiwango ambacho sodiamu dodesili salfeti, kemikali ya aina ya sabuni, huanza kuunda miseli, yaani vikundi vidogo vya molekuli zake ndani ya maji. Katika maabara tunayotumia hapa Nairobi, ninatia pairini, kemikali inayong'aa ikimulikwa, chini ya maikromola 1 kwa lita, naimulika kwa nanomita 335, kisha nagawanya kilele cha kwanza cha mng'ao, karibu na nanomita 373, kwa kile cha tatu, karibu na 384. Uwiano huo huwa takriban 1.8 majini na hushuka hadi karibu 1.1 pairini ikiingia ndani ya miseli. Hadi hapo sina shida.

Kinachonitatiza ni kwamba mteremko wangu unaanza karibu na milimola 6 kwa lita, ilhali thamani inayokubalika kwa maji safi ya nyuzi 25 ni takriban 8. Chumvi hushusha kiwango hicho, lakini natumia maji yaliyokenekwa pekee, hivyo nashuku dodekanoli, alkoholi ambayo ni uchafu unaoweza pia kushusha kiwango hicho, ndani ya unga wenyewe, ambao umekaa kabatini hadi ukashikana madonge. Je, niusafishe kwa kuunda fuwele upya katika ethanoli, au nisome katikati ya mteremko badala ya mwanzoni? Wenzangu husoma katikati, ingawa sababu zao bado hazijanishawishi.