Kupiga vayolini wakati wa komunyo, nimekosea wapi?

VayoliniYaEastlands

Hamjambo wapendwa. Mimi ni Mkatoliki, nasali parokia moja huku Eastlands na nimepiga vayolini kama miaka sita hivi. Jumapili ya tatu ya Kwaresima mwalimu wa kwaya aliniomba nipige kitu wakati wa komunyo juu wimbo wao haukuwa umeiva, nikapiga ile Air ya Bach, yule mtunzi Mjerumani wa zamani, pekee yangu, mbele kabisa pale karibu na kinanda. Kusema ukweli nilikuwa nasali, sijui nielezeje, vidole vilikuwa vinatetemeka lakini moyo umetulia tuli. Kufungua macho naona simu zimeinuliwa, hadi kwa wale wako kwa laini ya kupokea, na nilipomaliza watu wakapiga makofi. Jumatatu nikatumiwa meseji na mtu wa kamati ya liturujia eti kanisa si ukumbi wa tamasha na nisirudie tena. Hakuna aliyeniita tukaongea, meseji tu. Imeniuma sana. Sasa nauliza, muziki wa klasiki hauna nafasi kwa misa ama ni mimi nilikosea? Na nyinyi mnaopiga makanisani hapa Nairobi mnafanyaje?

MwalimuWaTena

Pole sana dadangu, hio meseji haikufaa, mtu anaitwa anaelezwa. Lakini kuna kitu naona hawakukuambia na ndicho chenyewe: shida yako haikuwa Bach, ilikuwa Kwaresima. Yale maagizo ya Kanisa kuhusu muziki ya 1967, Musicam Sacram, yanaruhusu kabisa chombo kipigwe pekee yake kabla padri hajafika altareni, wakati wa matoleo, wakati wa komunyo na mwisho wa misa. Alafu yanakataza hayo hayo wakati wa Kwaresima, siku tatu kuu za Pasaka na misa za marehemu. Kwaresima vyombo ni vya kusaidia waimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya 4 ile padri huvaa rangi ya waridi, na sherehe kama ya Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi. Yaani ungengoja wiki moja tu. Na hapo wa kujua kalenda ni mwalimu wako, yeye ndiye alikuomba, kwa hivyo usiubebe huo mzigo peke yako.

Kitu ingine, kabla hujapiga na kwaya muulize mpiga kinanda kama ameweka transpozi. Huku kwetu wengi wanapiga kila wimbo kama doh ni C alafu wanabonyeza kitufe kushusha ama kupandisha, anakuambia ni C kumbe inatoka B flati, na wewe uko na nyuzi nne ambazo hazina kitufe. Nimeona kijana mzuri sana akiaibika hivyo mbele ya kanisa zima na hakuwa na kosa lolote. Na nyuzi zikazie sakristia kabla watu hawajaingia, ukianza kuzijaribu mbele yao washageuka kukutazama kabla hujapiga hata nota moja.

MamaAlto

Mwanangu pole, na usiache kupiga. Lakini mimi nitasema upande wa sisi tunaokaa kwa benchi. Nikitoka kupokea nataka kupiga magoti niongee na Bwana wangu, hizo dakika mbili tatu ndizo nimengoja wiki nzima. Sasa mtu akisimama mbele na chombo, hata kama anapiga vizuri namna gani, macho yanaenda kwake, na mtoto aliye kando yangu ananivuta nguo ananionyesha. Ukipigia nyuma yetu, kule juu kama kanisa lenu liko na ghorofa ya kwaya, sauti itanifikia na mimi sitakuona, hapo nitakushukuru. Pia sisi tumezoea kanisa lote liimbe. Kwa hivyo mimi ningependa hio vayolini iimbe na sisi, isitunyamazishe. Makofi nayo padri anaweza kuwaambia watu mara moja tu kabla misa haijaanza, wataelewa.

OganiYaMjini

Mimi ni Muanglikana, napiga ogani, lakini hili la Mama Alto hata sisi tunalo. Nataka tu kuongeza kuhusu Bach mwenyewe. Huyu mzee kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750 alikuwa mwalimu wa muziki wa makanisa ya Leipzig, miaka ya kwanza alikuwa anatoa kantata, yaani kazi ndefu ya waimbaji na vyombo, karibu kila Jumapili, na mwisho wa kazi nyingi aliandika herufi S.D.G., yaani utukufu kwa Mungu peke yake. Mtu akikuambia muziki wake ni wa ukumbini tu, hapana. Ila hio Air uliyochagua ndio haikuandikwa kwa kanisa, imetoka kwa suiti ya okestra. Kinyume chake Messiah ya Handel, ile sisi wote tunaona ni ya kanisani, ilisikika mara ya kwanza kwa ukumbi wa muziki kule Dublin, Aprili 1742, kuchangia wafungwa wa madeni na hospitali. Kwa hivyo mahali wimbo ulizaliwa si hoja sana kwangu, hoja ni unafanya nini hapo kanisani.

Jaribu ile korali, yaani wimbo wa kanisa wa sauti nne, ya kantata namba 147 ambayo Bach aliifanya kwa sikukuu ya Bikira Maria kumtembelea Elizabeti, 1723. Uzuri wake ni kwamba kwaya inaimba polepole kabisa, mashairi ya kawaida ya kumsifu Yesu, na vayolini inazunguka katikati ya mistari bila kupumzika: d r m, s f f, l s s, d' t d'. Ukitoa kwaya wimbo umevunjika, ukitoa vayolini pia. Maneno mnaweza kuyaweka kwa Kiswahili na waumini wakashika ile sauti ya kwanza kwa wiki mbili.

VayoliniYaEastlands

Asanteni sana, nimesoma hizi mara tatu. Mwalimu wa kwaya nimemwonyesha mambo ya 1967, akanyamaza kidogo alafu akaniomba msamaha, na jana tulienda pamoja kwa Baba Paroko. Amesema tuimbe hio korali Jumapili baada ya Pasaka, na yeye mwenyewe ataongea kuhusu simu. Mama, kanisa letu halina ghorofa lakini nitasimama nyuma ya besi, kando ya mlango. Mazoezi ni Jumatano jioni, solfa nimeshaiandika kwa mkono sauti zote nne, na kijana wa kinanda amekubali G bila transpozi.