Naombeni ushauri: viatu na njia ya kuzunguka vijiji vya Cotswolds kwa miguu

Mgosi wa Mlalo
Wakuu, habari za jioni. Nipo Reading, Uingereza, mwaka wa sita sasa. Jumamosi ya tarehe 15, mwezi huu wa 11, nataka kutembea kwa miguu kule Cotswolds. Naanzia Bourton-on-the-Water, napita Lower Slaughter na Upper Slaughter, nafika Naunton, kisha narudi Bourton kwa njia nyingine inayofuata bonde la mto Windrush. Ni mzunguko, unaishia pale pale ulipoanzia. Nimepima kwenye ramani nikapata maili 10 na ushee.

Sijawahi kutembea mashambani huku, mimi ni kazini na nyumbani tu. Naomba kujua viatu gani vinafaa, na kama njia hizo mtu anapotea kirahisi. Jambo hili linaninyima usingizi, naombeni majibu ya kweli.

Kitonga
Nimekaa pale, waje wenye ujuzi.

Fundi Viatu
Raba usithubutu. Chukua buti zinazopanda mpaka juu ya kifundo, soli yenye meno, soksi za sufu, na jozi nyingine ya soksi kwenye begi. Buti mpya zivae nyumbani wiki nzima kwanza, la sivyo malengelenge yatakuheshimisha. Na hilo jina Slaughter halina uhusiano na machinjio kama wengi wanavyodhani. Limetoka kwenye Kiingereza cha kale, maana yake mahali pa matope. Mwezi wa 11 jina hilo linatimia.

Mwanamvua
Mdogo wangu, kupotea si rahisi ukiwa makini. Huku njia inaweza kukatiza katikati ya shamba la mtu na bado ikawa ya umma, mwenye shamba hawezi kukuzuia. Fuata mishale kwenye nguzo: wa njano ni wa waenda kwa miguu peke yao, wa buluu mnagawana na farasi na baiskeli. Nunua ramani ya karatasi ya OS (Ordnance Survey, shirika la ramani la huku), namba OL45, maana mabondeni mtandao wa simu unakatika. Geti ukilikuta limefungwa, pita ulifunge. Ukilikuta wazi, liache wazi.

Mkenya wa Luton
Hamjamwambia kuhusu ng'ombe! Mwaka juzi tulienda na watu wa kanisa, tuko kumi na wawili, tukaingia uwanja wenye ng'ombe na ndama wao. Mimi nimekulia Nyandarua, nikajiambia ng'ombe ni wa kwetu. Wale walitukimbiza mpaka pasta akaruka ukuta wa mawe na Biblia mkononi. Tangu siku hiyo nikiona ndama nazunguka mbali, hata kama ni kuongeza nusu saa. Kama una mbwa na ng'ombe wakuje, mwachilie mbwa akimbie, ni yeye wanamtaka.

Kitonga
Pasta wa mbio za kuruka viunzi huyo, apelekwe Olimpiki.

Chaurembo
Kuna ambalo hamlisemi. Mtu mweusi katikati ya vijiji vile hakodolewi macho?

Mwanamvua
Nimetembea huko mara nyingi. Ukikutana na mtu njiani anakusalimia kabla hujamsalimia, kisha anaanza habari za mvua. Mjini hiyo huipati.

Nesi Mstaafu
Mtoa mada, nimesoma mara mbili. Viatu havimnyimi mtu usingizi. Unaenda na nani?

Mgosi wa Mlalo
Naenda na mama. Amekuja kunitembelea, anarudi nyumbani Jumanne ya tarehe 18.

Nesi Mstaafu
Ana miaka mingapi? Na afya yake ikoje? Huko juu umeandika "napita, narudi" kama vile uko peke yako.

Mgosi wa Mlalo
Ana miaka 72. Mwaka jana alianguka, goti la kushoto likavimba, sasa anatembelea fimbo. Anameza vidonge vya presha kila asubuhi.

Kabla hamjanishukia, nisikilizeni. Mama amepanda milima ya Usambara na mzigo kichwani maisha yake yote, hivi vilima vya Cotswolds kwake ni tambarare. Tiketi za treni Reading mpaka Moreton-in-Marsh nimeshalipia, na hela hairudi. Buti zake nimeshanunua. Wadogo zangu nyumbani wameshaambiwa, wanasubiri picha. Nilichoomba ni viatu na njia.

Shangazi Mkubwa
Mwanangu, mama amekuja Ulaya umpumzishe, wewe unampeleka kwenye matope na fimbo? Angekuwa mama mkwe wako ungethubutu?

Nesi Mstaafu
Tupige hesabu tu. Treni, kisha basi la 801 kutoka Moreton, kuanza kutembea kabla ya saa sita mchana mtabahatika. Mtu mwenye goti baya na fimbo, kwenye matope, akienda maili mbili kwa saa amejitahidi sana. Maili 10 ni saa tano bila kupumzika wala kula. Tarehe 15 jua linazama kama saa kumi na robo. Giza litawakuta mko njiani, na mkiwa kule mbali kumrudisha mgonjwa si rahisi.

Bima ya safari anayo? Huku mgeni akifika mapokezi ya dharura anatibiwa bure, lakini akilazwa bili inaanza, na ni asilimia 150 ya gharama ya kawaida.

Mgosi wa Mlalo
Bima anayo. Tochi nitabeba.

Chaurembo
Kwa nini huko huko? Mpeleke Windsor akaone kasri, aliyekuwekea hiyo nadhiri ni nani?

Mgosi wa Mlalo
Ni baba. Alisoma kilimo huku, mwaka 1974 alimtumia mama picha. Amesimama ameegemea msalaba mkubwa wa mawe, wenye majina ya wanakijiji waliokufa vitani. Nyuma ameandika kwa mkono wake: "Slaughter, Novemba 1974. Nimezunguka vijiji nikarudi nilipoanzia." Baba tumemzika mwezi wa tatu mwaka huu. Mama amekuja na picha hiyo ndani ya Kurani yake. Siku ya pili tu akaniuliza, "Hapa ni mbali na kwako?" Nimefuatilia, nimeona ni Upper Slaughter. Nataka asimame pale pale.

Shangazi Mkubwa
Pole sana mwanangu. Mungu amrehemu mzee. Nilikusema bila kujua.

Mchambuzi Huru
Samahani wakuu, hii ni chai. Upper Slaughter hakuna msalaba wenye majina ya waliokufa vitani, kwa sababu hakufa mtu! Ni kimoja kati ya vijiji vichache sana vya Uingereza ambavyo askari wake wote walirudi hai, vita vya kwanza na vya pili. Mwaka 1944 kilidondoshewa hata mabomu ya moto na hakufa mtu. Kilichopo pale ni kumbukumbu ya waliokwenda na kurudi, ipo kwenye ukumbi wa kijiji. Sasa huyo mzee aliegemea majina ya nani? Mtoa mada ameanza na viatu, akaja mama, akaja goti, sasa marehemu. Kesho atatuletea namba ya michango.

Kitonga
Chai ya maziwa. Leteni maandazi.

Mkenya wa Luton
Ata mimi nilikuwa nimeanza kulia. Rudisha machozi yangu.

Mgosi wa Mlalo
Sijaomba senti ya mtu humu ndani. Picha ipo mkononi mwangu hivi ninavyoandika. Siwezi kuiweka hapa, ni ya mama. Mnaweza kunisema kwa kila kitu, lakini msiseme nimemtungia baba yangu kifo.

Mwanamvua
Mchambuzi, ulichosema kuhusu Upper Slaughter ni kweli. Lakini aliyeandika "Slaughter" ni marehemu, hiyo "Upper" imeongezwa na mtoto. Mdogo wangu, punguza hasira kidogo, itazame picha. Nyuma ya msalaba kuna nini?

Mgosi wa Mlalo
Kuna majani yaliyokatwa, mto mwembamba, na daraja la mawe. Daraja ni fupi sana kwa kimo, mtoto akikaa ukingoni miguu inagusa maji.

Mwanamvua
Hapo ni Bourton! Ule ni Windrush unaopita katikati ya kijiji, na yale madaraja yake mafupi wanayajua watu wote. Msalaba wa vita upo kwenye uwanja wa majani, kando ya mto. Baba yako alipigwa picha mwanzo au mwisho wa safari yake, nyuma akaandika jina la kule alikozunguka.

Mgosi wa Mlalo
Nimemwonyesha mama picha za Bourton kwenye simu. Amekaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Ndiyo. Baba yako alisema alianzia penye maji, na akarudi penye maji." Miaka yote hii nilidhani anasema ziwa.

Mchambuzi Huru
Nimekosea. Mkuu, naomba radhi kwako na kwa mama. Poleni na msiba.

Nesi Mstaafu
Kwa hiyo mahali penyewe ni hatua chache kutoka mnaposhukia basi, na ni tambarare. Mungu akupe nini tena?

Mgosi wa Mlalo
Lakini baba alizunguka. Kusimama tu na kurudi si kitu alichofanya. Nafikiria twende Lower Slaughter angalau, na goti likiruhusu tufike Upper.

Mwanamvua
Bourton mpaka Lower Slaughter ni kama maili moja, njia imetengenezwa, haina kilima. Ataona kinu cha zamani na gurudumu lake la maji, pale mnakula mnapumzika. Kutoka hapo kwenda Upper ni malisho, matope, na vile vigeti vya kubembea mnavyopita mmoja mmoja. Mwenye fimbo vinamsumbua.

Kama unataka mzunguko, ufanyie Bourton. Pandeni ukingo huu wa mto mpaka daraja la mwisho, vukeni, mrudi kwa ukingo wa pili mpaka msalabani. Atakuwa amezunguka na kurudi alipoanzia.

Shangazi Mkubwa
Na chupa ya chai ya moto usisahau, yenye tangawizi. Hii ni ya kweli.

Mgosi wa Mlalo
Nimemsomea mama hayo ya kingo mbili. Ameuliza kama kuna benchi karibu na msalaba.

Mwanamvua
Yapo mengi, kando ya mto.

Fundi Viatu
Buti za mama umechukua zinazobana au zenye nafasi? Goti likiuma, mguu nao unavimba. Rudi dukani kabla ya Jumamosi, uchukue kubwa zaidi kwa nusu saizi.