Naomba ushauri: ninunue beringi ya seramiki kwa yoyo inayoishiwa kasi, au nibaki na ya chuma?

MsafiriWaPwani (mwanzisha mada):
Wakuu, habari zenu. Nina yoyo ya aluminiamu ambayo shemeji yangu aliniletea kutoka Muscat mwaka jana, na imekuwa burudani yangu kubwa kila nitokapo kazini hapa Tanga. Nikiirusha vizuri ilikuwa inazunguka mwishoni mwa uzi kwa zaidi ya dakika 2. Sasa haifiki sekunde 35, na ule ulaini wa mwanzo umetoweka. Nimeambiwa kwamba beringi ya seramiki ndiyo dawa, lakini bei yake ni karibu mara 4 ya beringi ya chuma. Je, ni kweli inasaidia? Jambo hili linanikosesha raha.

BintiKisosora:
Kaka yangu, mimi sizijui beringi, ila nina wanafunzi wa sekondari nyumbani na najua ada. Mtu mzima akipata fedha ya ziada, aitazame familia kwanza. Sisemi kwamba mchezo ni dhambi; nasema kila kitu kina wakati wake.

FundiGerezani:
Ndugu, kabla ya seramiki angalia vipimo. Yoyo nyingi za sasa hutumia beringi ya ukubwa uitwao C, yenye kipenyo cha ndani cha milimita 6.35, cha nje milimita 12.7 na unene wa milimita 4.76. Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea beringi ya viatu vya magurudumu, ambayo kipenyo chake cha nje ni milimita 22, akitaka niichonge iingie kwenye yoyo. Nilimrudisha nyumbani kwao. Vilevile usibabaishwe na namba za ABEC 7 au 9 zilizoandikwa kwenye pakiti. Daraja hizo hupima usahihi wa vipimo vya beringi za viwandani, wala hazikuambii yoyo yako itazunguka kwa muda gani.

KitanziMaraMbili:
Mkuu MsafiriWaPwani, nijibu maswali mawili kwanza. Ukiivuta yoyo kidogo inapozunguka chini, inarudi yenyewe mkononi? Na je, umewahi kutia kitu chochote ndani ya beringi?

MsafiriWaPwani:
Inarudi yenyewe, ndiyo, na mwanzoni haikuwa hivyo. Kuhusu swali la pili, miezi miwili iliyopita ilianza kupiga kelele, nikaijaza grisi ya gurudumu la pikipiki. Sikuona haja ya kulitaja kwa sababu grisi ni kinga ya chuma; nimefunga magurudumu kwa miaka 9 na sijawahi kuona beringi iliyoharibiwa na grisi. Isitoshe, nimekwisha kumlipa muuzaji nusu ya bei ya ile ya seramiki, kwa hiyo ninachotaka ni kuthibitishiwa tu.

KitanziMaraMbili:
Grisi haikuiharibu, imeilemea. Gurudumu la pikipiki lina injini nyuma yake na watu wawili juu yake, ilhali yoyo ina uzito wa gramu 65 hivi na nguvu ya mtupo mmoja wa mkono, ambayo ikishapotea haifidiwi na kitu. Gololi zinalima ndani ya grisi katika kila mzunguko. Zaidi ya hayo, ringi ya ndani huzunguka pamoja na mwili wa yoyo na ringi ya nje hubaki imetulia na uzi. Grisi nzito ikiziunganisha, ringi ya nje huburutwa na uzi hujikunja, ndiyo maana inarudi bila wewe kutaka.
Gololi za seramiki ni ngumu kuliko za chuma na hazishiki kutu, lakini ringi zake kwa kawaida hubaki za chuma, kwa hiyo hewa ya chumvi bado ina pa kuingilia. Kwa muda na ulaini, umbo la ringi ya nje lina maana kubwa kuliko seramiki: iliyobonyea huuweka uzi katikati, na iliyo bapa huuacha uteleze hadi ukaguse kuta za yoyo, ambako kasi nyingi hufia.

MzeeChumbageni:
Mmenikumbusha yoyo zetu za mti wa mwembe, tulizozichonga kwa kisu cha mama bila ruhusa. Uzi tuliufunga fundo kwenye mhimili, ukifika chini unarudi juu, basi. Hatukujua beringi wala seramiki, na furaha ilikuwa tele.

Mdadisi77:
Wanajukwaa, mimi nina mashaka. Akaunti hii ina siku 3, hadithi ina shemeji wa Muscat, na mwishoni anatokea muuzaji aliyekwisha kulipwa nusu. Yoyo gani inazunguka dakika 2? Ya Mzee hapo juu haikufika hata sekunde 2. Naona hili ni tangazo la beringi.

FundiGerezani:
Mdadisi, tenda haki. Uzi uliofungwa fundo hauwezi kuiacha yoyo izunguke chini. Pedro Flores, Mfilipino aliyeanza kutengeneza yoyo kule California mwaka 1928, aliuza zenye uzi uliozungushwa kitanzi kwenye mhimili, na hapo ndipo yoyo ikaweza kubaki chini ikizunguka. Ukiongeza beringi na kuusogeza uzito ukingoni, dakika 2 ni jambo la kawaida.

MsafiriWaPwani:
Imeniuma kuitwa tapeli, kwa sababu nimeomba msaada kwa moyo mweupe, na ndiyo maana muuzaji sikumtaja wala sitamtaja.

KitanziMaraMbili:
Achana na hayo, osha beringi leo. Itoe ile waya nyembamba inayoshika kifuniko kwa ncha ya sindano, loweka beringi katika asetoni dakika 10 mbali na moto, tikisa, badilisha asetoni hadi isitoe uchafu, kisha iache ikauke kabisa. Mafuta ya taa huacha mabaki, usiyatumie. Baadaye tia tone moja dogo la mafuta ya cherehani, si mawili.

MsafiriWaPwani:
Nimeosha mara 3, na grisi iliyotoka ilikuwa nyeusi. Ikiwa kavu, wastani wa mitupo 5 ulikuwa dakika 1 na sekunde 52, na kelele ilikuwa kubwa. Baada ya tone moja, dakika 1 na sekunde 44, kelele imekwisha na hairudi tena yenyewe. Sekunde 8 hizo nimezitoa kwa hiari, kwa sababu sasa nausikia ule ulaini kwenye kidole. Nimempigia muuzaji, amekubali kunibadilishia oda: nitachukua ya chuma iliyobonyea, na salio langu litanunua nyuzi.