Naomba stuli tu nikalie kazini, HR ananiambia "jiuzulu kwa hiari"!!

Wakuu habari za humu. Nina hasira aise, mtanivumilia nikiandika ovyo.

Niko Arusha, huku upande wa Usa River, nafanya shamba la maua (jina naliacha, wenyewe wakisoma watajijua), kitengo cha gredi. Kwa msioijua kazi yenyewe, unasimama mezani toka asubuhi mpaka jioni unapanga waridi kwa urefu wa shina, unafunga, unabeba ndoo kupeleka chumba cha baridi, na msimu wa Valentine ukifika hata kwenda chooni unamuomba supavaiza kama mtoto wa chekechea.

Sasa Jumamosi moja siku ya soko Tengeru nikagongwa na boda, mguu ukavunjika chini ya goti, nikapasuliwa nikawekewa chuma. Daktari akaniandikia ED (ile karatasi ya kupumzika kazini kwa ugonjwa), mdogo wangu akaipeleka ofisini, wakaipokea na muhuri wakagonga. Mwisho wa mwezi mshahara unaingia nusu! Napiga simu, dada wa HR ananiambia hujaumia kazini kwa hiyo hayo hayatuhusu, na zile siku za mwanzo tumekukata kwenye likizo yako ya mwaka.

Jamani. Anayeuliza uliumia wapi ni WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Likizo ya ugonjwa haiulizi hilo! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imesema siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu, ilimradi cheti cha daktari kipo. Na sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kukulazimisha utumie likizo ya mwaka badala ya ya ugonjwa. Siku zangu 28 ni za kwenda Rombo kuona wazazi, sio za kulala na chuma mguuni.

Hayo ya hela labda ningemeza. Ila nimerudi kazini na karatasi ya daktari, kaandika asisimame muda mrefu na asibebe mizigo mizito kwa miezi kadhaa, nikaomba stuli. Stuli wakuu! Meza zile ni za kiunoni, stuli ndefu kama za kaunta unakaa na mikono inafanya kazi ileile kwa spidi ileile, nikasema hata hela ya fundi wa kuchomelea natoa mimi. Supavaiza anacheka mbele ya watu, eti "hapa sio saluni". HR yeye kaja na lake, nikipewa mimi na wengine watataka. Sasa si wawape?? Kuna mama pale miguu inavimba kila jioni na hajawahi kusema kitu maana anasomesha.

Kilichofuata nikaitwa ofisini nikashauriwa nijiuzulu kwa hiari "nikatafutiwe kitu kidogo". Kanuni za utendaji bora, tangazo la serikali GN 42 la 2007, zinamtaka mwajiri kabla ya kumtoa mtu kwa sababu ya afya aangalie tatizo ni la muda au la kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa au ipo nyingine ya kumpa. Kazi nyepesi zipo, kubandika lebo mbona watu wanakaa! Na ile sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inayotaka mwajiri wa watu 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, pale kwetu tuko mamia na sijamuona hata mmoja, nadhani mnaelewa kwa nini.

Kujiuzulu nimekataa, maana nikisaini nikaenda CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) wataniambia si uliondoka mwenyewe. Sasa nimepewa barua nijieleze kwa nini "nimekataa majukumu", majibu wanataka Ijumaa. Aliyewahi kujibu barua ya namna hii aniambie, naambatanisha ile karatasi ya daktari au naitunza? Na la mshahara uliokatwa naweza kujaza CMA F1, ile fomu ya kufungua mgogoro, sasa hivi nikiwa bado kazini? Nasikia madai yasiyo ya kufukuzwa mwisho siku 60, na zinakimbia.