Mtoto wa dada yangu ana kasoro kubwa ya moyo: wakipasuliwa wangali wachanga, huishi?

ShangaziUmoja: Wapendwa, dada yangu amejifungua wiki hii hapa Nairobi. Mtoto alilia vizuri, lakini kesho yake midomo ikawa ya samawati na kipimo cha oksijeni kikagoma kwenye 72. Eko, ile picha ya moyo, imeonyesha mishipa mikubwa ya moyo imebadilishana mahali. Daktari anataka upasuaji wa haraka. Mama mkwe wa dada anasema kumpasua kichanga ni kumuua, heri arudi nyumbani aombewe. Mliopitia haya, watoto hawa huishi? Na wakiishi, huwa wazima?

BabaRuaka: Pole, shangazi. Wetu alikuwa na hiyo hiyo, na sasa nikitaka anywe uji namkimbiza nyumba nzima. Maombi yaendelee, lakini yaendelee hospitalini. Damu yenye oksijeni inazunguka mapafuni tu, haifiki mwilini. Mtoto anaishi kwa kitundu cha ndani ya moyo na mrija unaounganisha ile mishipa mikubwa, aliotoka nao tumboni, na huo mrija hujifunga siku za mwanzo. Ndiyo kazi ya ile dripu ya prostaglandini, kuuweka wazi. Akipelekwa India au kwingine, hakikisheni haikatiki njiani.

Upasuaji unarudisha kila mshipa mahali pake, pamoja na vile vidogo vinavyolisha moyo wenyewe, na hapo ndipo ufundi ulipo. Daktari Jatene wa Brazili alifaulu mara ya kwanza 1975. Leo, kwenye hospitali zilizouzoea, zaidi ya 9 kati ya 10 huishi. Ila msikawie: upande wa kushoto wa moyo ukizoea kusukumia mapafu tu unalegea, kwa hiyo madaktari wanapenda kuufanya upasuaji wiki 2 au 3 za kwanza.

Kilichotusumbua sisi ni maziwa. Alilishwa kwa mpira wa puani, bomba la sindano likishikwa juu, yashuke polepole. Kunyonya akajifunza upya kabisa.

SistaWadi: Nimeuguza hawa watoto. Usilinganishe mtoto wenu na wa jirani, kasoro hazifanani. Ambaye upande wa kushoto wa moyo haukukua hupasuliwa kwa awamu 3, na katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010, waliofika mwaka mmoja bila kupandikizwa moyo walikuwa asilimia 64 hadi 74. Muulizeni daktari wazi: mwaka jana mlifanya wangapi wa aina hii, wangapi walitoka hai? Baadaye kliniki ya moyo ni ya maisha, na wengine huchelewa kuongea au kutulia darasani. Fuatilieni mapema.

ShangaziUmoja: Asanteni. Nimemsomea mama mkwe yote. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza kama ataweza kumbeba mgongoni.

BabaRuaka: Si mara moja. Mfupa wa kifua ushike kwanza, kama wiki 6, na kliniki ndiyo itasema. Kwa sasa asimnyanyue kwa makwapa. Mkono mmoja chini ya shingo, mwingine chini ya makalio.